Kuanza kuwekeza kwenye nyumba na viwanja Zanzibar: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina nyumba ndogo ya kupangisha Fuoni tangu 2009. Tangu hapo sitoki msikitini wala harusini bila ya mtu kunivuta pembeni: "Ami, nina vijisenti, nifanyeje?" Maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike mara moja, na majibu yake, kwa yeyote anayetaka kuanza.

Nikinunua kiwanja Unguja au Pemba, ardhi inakuwa yangu?

Kinachokuwa chako ni haki ya kuitumia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na Sheria Nam. 12 ya 1992 inasema wazi kwamba ardhi ya Zanzibar ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mzanzibari aliyetimiza miaka 18 anaweza kupewa haki ya matumizi. Haki hiyo anaweza kuirithisha, kuitoa zawadi au kuihaulisha kwa mwengine kwa kufuata taratibu.

Ndiyo maana ukimsikiliza dalali wa zamani hakwambii anauza ardhi. Anauza msingi, anauza boma, anauza minazi kumi na mbili. Kwetu majengo na miti vina mwenyewe wake, na ardhi chini yake ina hesabu nyengine kabisa. Unaweza kumkuta mtu ana mikarafuu thelathini katika shamba ambalo yeye hana haki nalo hata hatua moja. Wageni wengi na vijana wengi wa mjini hawalijui hili, wakaja kulipa milioni kadhaa kwa minazi huku wakidhani wamelipia kiwanja.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji lisiwe bei. Muulize: unaniuzia nini hasa, na karatasi yake iko wapi?

Mashamba ya eka tatu je? Nimeambiwa bei yake nafuu.

Ni nafuu kwa sababu hayauziki. Eka tatu ziligawiwa wananchi baada ya Mapinduzi kwa ajili ya kilimo, familia zirithishane na kulima. Karatasi ya mauziano mtakayoandikishana barazani haitakufaa siku ya kesi. Achana nayo.

Mimi ni wa Bara. Rafiki yangu ni Mzungu. Tunaweza?

Haki ya matumizi ya ardhi ni ya Mzanzibari kwa mujibu wa Sheria ya Mzanzibari ya 1985. Asiyekuwa Mzanzibari hupitia njia ya kukodi kutoka Serikalini kwa mradi wa uwekezaji, kwa kawaida miaka 33 inayoweza kuongezwa mpaka 99. Njia nyengine ni kununua fleti katika majengo yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kondominio Nam. 10 ya 2010. Mlango wa kuanzia ni ZIPA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia uwekezaji. Msifanye ujanja wa kuandikisha kwa jina la mwenyeji "halafu tutajuana". Siku mkigombana, au siku mwenyeji akifariki, sheria na warithi wanamjua yeye tu.

Nimeonyeshwa kiwanja kizuri. Niangalie nini kabla ya kutoa fedha?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia, na mimi niliumia.

Mwaka 2013 nilionyeshwa kiwanja upande wa Kisauni. Kilikuwa na mwembe mmoja mkubwa mpakani, na muuzaji alikuwa na waraka wa mauziano wa baba yake, umekunjwa mara nne na kuwekwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nikatoa arubuni ya milioni tatu. Wiki ya pili nilipofika na fundi kupima, nilimkuta bibi mmoja amekaa chini ya mwembe juu ya mkeka, na kikapu cha maembe pembeni. Hakunigombeza. Alinikaribisha nikae, akanipa embe, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, huyo aliyekuuzia alikwambia kama sisi tuko ndugu watano?" Marehemu alikuwa hajarithiwa. Muuzaji alikuwa mrithi mmoja kati ya watano. Fedha zangu nilizipata nusu, tena baada ya miaka minne.

Tangu siku hiyo hufanya hivi. Naenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, kabla ya kwenda kwa dalali mara ya pili, nauliza kiwanja kinajulikana kwa jina la nani na kama kimewahi kuletewa mashtaka. Nazungumza na majirani wa pande zote nne bila ya muuzaji kuwepo. Jirani anayeshiriki mpaka na wewe anajua mambo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote: nani alipanda mnazi ule, njia ya miguu ilipita wapi, nani alizikwa hapo. Ndiyo, makaburi. Mashambani kuna makaburi ya ukoo yasiyokuwa na alama zaidi ya jiwe moja.

Kisha naenda Kamisheni ya Ardhi na nambari ya hati au ramani ya kiwanja, nithibitishe kama kimesajiliwa na kama hakikuwekwa rehani. Kama mali ni ya marehemu, nataka kuona karatasi ya mirathi, na warithi wote wametia saini, wanawake wakiwemo. Dada aliyeolewa Tanga au anayeishi Muscat ni mrithi kama alivyo yule aliyebaki nyumbani. Kama kuna fununu ya wakfu, naenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hata anayeuza akiwa mjukuu wa aliyeiweka.

Na nenda siku ya mvua. Kiwanja cha Januari si kiwanja cha Aprili. Sehemu za Mwanakwerekwe na Sebleni zinajulikana kwa maji ya masika, lakini hata mitaa mipya ina mabonde yaliyojengwa juu ya njia ya maji. Vaa viatu vya plastiki, simama hapo mvua ikinyesha, uangalie maji yanakwenda wapi.

Nina milioni kumi tu. Nisubiri?

Usisubiri, lakini usianze na nyumba nzima. Wengi wetu hapa tumejenga kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, baada ya hapo kuta mpaka linta, kisha bati. Kosa ninaloliona ni mtu kuanzisha msingi wa vyumba vinne, fedha ikaishia kwenye linta, na boma likakaa miaka minane linaota majani. Fedha iliyolala kwenye boma haileti kitu.

Chora ramani ya nyumba nzima, lakini jenga kwanza chumba na ukumbi na choo chake upande mmoja, umalize: mlango, dirisha, umeme wa ZECO (Shirika la Umeme Zanzibar), maji. Pangisha. Pango lile ndilo linalonunua saruji ya chumba cha pili. Nyumba yangu ya Fuoni ilianza na vyumba viwili tu, na mpangaji wa kwanza alikuwa mwalimu wa skuli ya jirani aliyekuwa akinilipa miezi sita mbele. Zile fedha za miezi sita zilikuwa bati za upande wa pili.

Kwenye ujenzi wenyewe, angalia mchanga na tofali. Mchanga umekuwa adimu kisiwani na uchimbaji wake una vibali, kwa hiyo watu hushawishika kuchukua mchanga wa pwani. Chumvi yake inakula nondo, na baada ya miaka michache dari inaanza kupasuka na kutoa kutu. Kwa tofali za inchi sita, mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe tofali 30 hadi 35. Fundi akikwambia anapata 50, anakuibia uimara wa ukuta wako. Chukua tofali moja lililokauka, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Likimwagika kama biskuti, usilipokee.

Benki wanakopesha? Na kwa masharti gani?

Wanakopesha. Ipo PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, na zipo benki za Bara zenye matawi hapa. Watakuuliza kipato kinachoonekana kwenye akaunti, hati iliyosajiliwa, tathmini ya mthamini na mchango wako mwenyewe. Mikopo ya nyumba Tanzania imekuwa na riba inayokaribia asilimia 13 mpaka 19 kwa mwaka, na hiyo si ndogo.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme umekopa milioni 40 kwa asilimia 16, ulipe kwa miaka 10. Kila mwezi utalipa kama 670,000. Mwisho wa miaka kumi umelipa zaidi ya milioni 80, mara mbili ya ulichochukua. Sasa tuseme umejenga sehemu tatu za chumba na ukumbi, na kila moja inapangishwa kwa 150,000. Unaingiza 450,000 zikiwa zimejaa zote. Kuna pengo la 220,000 kila mwezi linalotoka mfukoni mwako, kabla hujatengeneza bomba hata moja.

Sisemi usikope. Nasema usikope kwa kutegemea pango lilipe deni peke yake. Mkopo unaoweza kuubeba kwa mshahara au biashara yako, huku pango likikupunguzia mzigo, huo unabebeka. Mwengine wowote utakunyima usingizi, na benki ina hati yako.

Sitaki riba. Kuna njia ya halali?

Zipo, na nashangaa ni watu wangapi hapa kwetu wanadhani hazipo. PBZ ina huduma za Kiislamu kwa jina la Ikhlas, Amana Bank inafanya kazi kwa misingi hiyo tu, na benki kadhaa nyengine zina dirisha la Kiislamu. Njia zenyewe ni hizi.

Murabaha: benki inanunua kitu kwanza, kisha inakuuzia wewe kwa bei iliyoongezwa faida, bei isiyobadilika, ulipe kwa awamu. Inafaa sana kwa vifaa vya ujenzi. Unapeleka orodha ya bati, nondo na saruji, benki inavinunua dukani, inakuuzia. Fedha taslimu hupewi mkononi, na hilo wengine linawaudhi, lakini kuna kheri ndani yake: bati haliliwi harusini.

Musharaka unaopungua: mnanunua nyumba kwa ubia. Nyumba ya milioni 60, wewe unatoa 18, benki 42. Wewe unakaa au unapangisha, unailipa benki kodi ya sehemu yake, na kila muda unanunua kipande cha sehemu hiyo mpaka nyumba yote inakuwa yako. Soma mkataba wenyewe: nani analipa matengenezo makubwa, bima, na nini kinatokea ukichelewa. Na ijara ni kukodi kwa benki mpaka mwisho unapohamishiwa mali.

Jambo moja niwe mkweli. Halali haimaanishi rahisi. Faida ya murabaha ukiigawa kwa miaka unaweza kuiona iko karibu na riba ya jirani. Tofauti iko kwenye namna ya biashara, na kwenye deni lisiloota mapembe ukichelewa. Kwangu hiyo tofauti inatosha.

Sina hati. Nikope wapi?

Mfanyakazi wa Serikali hukopa kwa mshahara. Wengine wana SACCOS kazini au mtaani, na kina mama wana mchezo wao wa kupokezana ambao umejenga nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Najua mitaa ambayo kila bati jipya lina jina la mama fulani aliyepokea zamu yake. Lakini ukishapata kipato, fedha ya kwanza ipeleke kwenye kupata hati. Kiwanja kile kile, chenye hati na kisicho nayo, ni mali mbili tofauti mbele ya benki na mbele ya mnunuzi.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni biashara nzuri?

Kwa anayeielewa. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na huwezi kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadilisha mlango bila ya ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Kuta zile ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu zinabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, urefu wa boriti ndio uliopanga upana. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inapanda, na plasta inavimba mpaka inadondoka vipande vipande. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kwa ndani huku chumba kikionekana kimepakwa rangi nzuri. Nimeingia nyumba moja Malindi, nikachoma ncha ya boriti kwa bisibisi, ikazama yote kama kwenye keki. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na watu wawili wakafa. Hilo ni jumba la Serikali, linalojulikana dunia nzima. Nyumba ya familia isiyokuwa na fundi wa chokaa haina usalama zaidi ya hapo.

Ukiipenda, tenga fedha ya matengenezo sawa na bei ya kununulia, na uhakikishe umiliki mara mbili. Nyumba nyingi huko ni za wakfu, za Serikali au za warithi waliotawanyika nchi tano.

Na ukikodi duka Darajani ujue kuna kilemba. Unamlipa aliyekuwepo ili akuachie nafasi, mbali na kodi ya mwezi. Kabla ya kulipa, hakikisha mwenye jengo anakutambua kwa maandishi, maana kilemba hakikupi haki yoyote juu ya jengo.

Nijenge kwa ajili ya watalii au wapangaji wa kawaida?

Paje, Jambiani, Nungwi na Matemwe zinavutia, na fedha yake ni ya dola. Lakini kumbuka 2020. Mwaka 2019 waliingia watalii zaidi ya nusu milioni. Mwaka uliofuata, na korona, wakapungua kwa takriban nusu. Niliwaona watu wenye nyumba nzuri za pwani wakiuza majokofu. Yule mwalimu, mpangaji wangu wa Fuoni, aliendelea kulipa.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na idadi inakua kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Hawa wote wanahitaji pa kulala, msimu na usio msimu. Kwa anayeanza, mimi nasema mpangaji wa kawaida kwanza. Ukienda pwani, usijenge ndani ya mita 30 kutoka maji yanapofika bamvua, na nyumba ya wageni ipate leseni ya Kamisheni ya Utalii.

Fleti zinazouzwa kabla ya kujengwa, kama za Fumba?

Uliza mambo matatu: mjenzi amekwishakabidhi majengo mangapi, fedha yako inakaa wapi wakati wa ujenzi, na utapata hati ya fleti yako lini. Uliza pia gharama ya huduma ya kila mwezi, maana watu huisahau na inakula pango. Lipa kwa kufuata hatua za ujenzi, usilipe kwa kufuata tarehe za kalenda.

Na Pemba?

Pemba imeachwa nyuma na wawekezaji, na mimi nadhani wanakosea. Viwanja ni nafuu kuliko Unguja, umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga upo tangu 2010, na Chake Chake, Wete na Mkoani kuna walimu, wauguzi na maofisa wanaohamishiwa wanaotafuta nyumba safi yenye maji. Usijenge jumba. Jenga nyumba mbili ndogo karibu na hospitali au skuli.

Jua tu kwamba fedha ya Pemba ina msimu. Karafuu zikichumwa na kuuzwa ZSTC, shirika la biashara la Serikali, bati na saruji zinapanda na mafundi hawapatikani. Nunua vifaa kabla ya msimu. Na mpangaji mkulima anaweza kukulipa mwaka mzima kwa mkupuo baada ya mavuno, halafu akawa hana kitu miezi ya katikati. Mkubaliane hivyo tangu mwanzo, hana nia mbaya.

Niko Uingereza. Ndugu yangu anisimamie?

Ndugu asimamie, lakini asishike fedha zote. Mali bila daftari huisha bila habari. Lipa duka la vifaa moja kwa moja, mlipe fundi kwa hatua iliyokwisha, na utake picha ya kila hatua ikiwa na mtu amesimama ndani yake. Mlipe ndugu yako ujira wa kazi yake, kila mwezi, kiasi kinachojulikana. Ugomvi mwingi wa nyumba za walioko nje nilioushuhudia ulianza kwa ndugu aliyefanya kazi miaka mitatu bila ya kulipwa, mwisho akajilipa mwenyewe. Na hati iandikwe jina lako tangu siku ya kwanza.

Kodi za Serikali?

Pango ni kipato, na kipato kina kodi. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, atakata asilimia 10 ya zuio na kukupa karatasi yake, itunze. Nyumba ya wageni ina mambo yake ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Pita ofisini kabla ya kupangisha.

Nikifa, nyumba itakuwaje?

Kwa Muislamu, itagawiwa kwa mirathi ya Kiislamu. Mke anapata thumuni akiwepo mtoto, mtoto wa kiume anapata fungu mbili za wa kike, na wazazi wako wakiwa hai wana mafungu yao. Nyumba moja yenye wapangaji watatu na warithi tisa huishia kuuzwa, au kugombewa miaka. Kama mke alichangia, kama dada yako alitoa milioni mbili za bati, andika leo, mashahidi wawili, nakala kwa kila mmoja. Kilichokuwa chao si mirathi yako, lakini bila ya karatasi hakuna atakayejua.

Mimi karatasi zangu ziko kwenye bahasha ya kaki, ndani ya sanduku la mke wangu, na watoto wote watano wameonyeshwa lilipo.